Heshima ipo, ila haiji kwetu walimu

Kila mtaa wa Arusha una yule mtu mzima wa kibarazani, akiona wanafunzi wawili wamevaa sare saa nne asubuhi wako kwenye mashine za kamari wanatumbukiza sarafu anatikisa kichwa alafu anasema walimu wa siku hizi bwana. Walimu. Sio wazazi wao, sio mwenye duka aliyeweka mashine njia ya shule, sio yeye mwenyewe aliyekaa hapo anawaangalia na hajawauliza hata nyie watoto mnatoka wapi. Mwalimu ambaye muda huo yuko mbali huko kasimama mbele ya watoto themanini na kitu anachora latitudo na longitudo ubaoni, ndo mwenye makosa. Nimeshalijibu hili kwa mdomo mpaka nimechoka, kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye kifodi, yaani daladala, mtu akishajua tu nafundisha, kwahiyo leo naandika, na atakayeniuliza tena namtumia hii.

Nafundisha jiografia shule moja ya kata hapa mjini, jina sisemi. Na nianze kwa kukubali ili tusibishane, tabia imeshuka kweli. Shikamoo siku hizi ni ya kubahatisha, wengine wanakupita kama mti, wengine "mambo madam" na mkono mfukoni. Suruali zinashonwa upya zinabana mpaka unajiuliza mtoto kazivaaje, alafu hapohapo zinashushwa mlegezo, sijui fizikia gani hiyo. Ukigeuka ubaoni nyuma yako kuna paka analia, ukigeuka kwao hamna paka, themanini na kitu wanakuangalia kama malaika. Kuna kuruka ukuta, kuna kulala, kuna mtu unamwambia atoke nje anakujibu "siendi" akiwa amekaa, na hapo ndo utajua mwalimu hana kitu mkononi zaidi ya chaki.

Ila nikuambie kilichoniuma zaidi ya vyote hivyo. Tuna mwenzetu wa fizikia, mtu mzima, karibu anastaafu, anachechemea kidogo kwasababu ya ajali ya pikipiki. Mwaka jana ikaibuka video, kijana wa kidato cha tatu anatembea vile anavyotembea yeye, kashika rula, darasa linacheka mpaka linagonga meza, na juu yake wamewekea mziki. Simu shuleni haziruhusiwi, kila mtu anajua, na kila darasa lina simu. Sasa kuigiza walimu sio jambo jipya, sisi wenyewe tulivyosoma kule Moshi kuna mwenzetu alikuwa anamwigiza mwalimu wa dini mpaka unashika tumbo, ila alikuwa anaigizia bwenini na mlango umefungwa. Hii ya sasa ilifika kwa wazazi kabla haijafika ofisini kwetu. Na wazazi hawakutupigia simu kusema jamani huyu mtoto afundishwe adabu, waliisambaza. Tuliiona kwenye status ya mama mmoja ambaye tunamfahamu vizuri tu, kaweka na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Mwalimu wetu wa fizikia kaonyeshwa na mkewe.

Tulivyofuatilia tukaipata simu iliyorekodi, tukamwita mzazi wa mwenye simu. Baba akaja siku ya tatu, amevaa vizuri, anaongea vizuri, kakaa ofisini kwa makamu mkuu. Alikuwa amekuja kufuata simu. Nakuambia ukweli, mtoto wake yuko pale amesimama pembeni ya kabati, hajamwangalia hata, anaeleza kwamba ile simu kanunua kwa hela yake na shule haina haki ya kukaa na mali ya mtu. Dogo yuko pale anasikiliza kila neno, na hilo ndo somo alilopata siku hiyo, kuliko vipindi vyote vya uraia alivyowahi kukaa.

Mimi sikubaliani na wanaosema kizazi hiki hakina heshima. Ninacho kisa, na kila nikikikumbuka nacheka. Siku moja asubuhi getini kuna kijana mmoja mkorofi, mrefu, huyo ukisikia jina lake ofisini kila mtu anavuta pumzi, anazozana na mwalimu wa zamu, amechelewa na anataka kupita, sauti imepanda, mkono unarushwa. Akapita mzee wa Kiarusha, shuka, rungu, anakatiza zake kwenda barabarani. Yule kijana akaacha kuzozana katikati ya sentensi, akamwendea mzee, akainamisha kichwa, mzee akamgusa utosini akapita zake. Kijana akarudi pale pale kuendelea kumfokea mwalimu alipoishia! Hata haikuwa babu yake, nilimuuliza baadae, akaniambia hamfahamu, "ni mzee tu madam."

Sasa huyo utaniambia hana heshima? Anayo, tena ya kutosha, anatoka nayo nyumbani kila siku. Ila anajua wa kumpa, na sisi kwenye hiyo orodha hatupo. Swali la kujiuliza ni nani alitutoa.

Nikuelezee watoto wa hapa wanaona nini. Mtoto wa Arusha anakua anaangalia madereva wa utalii wanashuka kwenye Land Cruiser wanaongea lugha tatu, anaangalia machalii wa bodaboda ambao mwezi juzi walikuwa darasa moja na yeye leo wana hela ya chipsi mishkaki kila siku, na anasikia habari za Mererani kwenye machimbo ya tanzanite. Kuna kijana nilimwambia achomekee shati, akaniuliza kwa upole kabisa kama anauliza swali la somo, "Madam samahani, kwani mwalimu akianza kazi analipwa shilingi ngapi?" Darasa kimya. Nikamwambia, sikuona sababu ya kuficha, mshahara wa serikali sio siri. Akawa anapiga hesabu kichwani alafu akasema kaka yake ni mwanaApolo, mchimbaji wa kule Mererani, na mzee Laizer mbona hakusoma. Wakapiga makofi.

Kwa wasiokumbuka, Juni 2020 Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja lilizidi kilo 9 na lingine kilo 5, akalipwa zaidi ya bilioni 7. Kila mwalimu wa kanda hii ameshawahi kujibiwa na bilionea Laizer, ndo jibu la kila kitu, hujafanya homuweki, Laizer, umefeli, Laizer. Nikawaambia sawa, ila mbona mzee huyohuyo alivyoulizwa hela atafanyia nini, kwenye vitu vya kwanza alivyotaja ni kujenga shule kwao Simanjiro? Walinyamaza kidogo, sio sana, ila nilipata dakika tano za kufundisha.

Na sio hela peke yake maana hata zamani mwalimu hakuwa tajiri. Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa na baiskeli na suruali mbili, na baba yangu aliyekuwa na shamba la kahawa lililomlisha alikuwa anasimama akimwona anapita. Tatizo ni kwamba siku hizi mwalimu anadhalilishwa mchana kweupe na watu wazima, alafu mtoto akiiga tunashangaa. Februari 2009 kule Bukoba mkuu wa wilaya aliagiza polisi wachape walimu wa shule za msingi viboko, walimu 19, watu wazima wenye familia, eti shule zao zimefelisha. Rais Kikwete alimfukuza kazi yule mkuu wa wilaya, sawa, haki ilitendeka, ila fikiria mwanafunzi wa shule hizo siku iliyofuata anamwangaliaje mwalimu wake. Ungekuwa wewe ungesimama kumsalimia kwa sauti gani?

Hiyo ilivuma mpaka magazetini. Ndogondogo hazivumi. Anakuja kiongozi na msafara wa magari matatu, paredi inapangwa juani, anamsimamisha mkuu wa shule mbele ya wanafunzi elfu moja na kitu anamuuliza vyoo vichafu hivi wewe unafanya kazi gani hapa, na mkuu anajibu "naomba radhi mheshimiwa" mikono iko nyuma kama monita. Watoto wanapiga makofi, na kiongozi akisikia makofi anaongeza. Akiondoka, kipindi kinachofuata kina nani? Kina mimi.

Alafu kuna hii mikopo ya kausha damu, tunaisema kwa kunong'ona ofisini. Mwalimu anakopa, ada ya mtoto chuo, mgonjwa, ujenzi, mkopeshaji anakaa na kadi yake ya benki, mwisho wa mwezi anatoa yeye kwanza. Akizidiwa wanakuja watu na pikipiki mpaka shuleni kumuulizia. Wanafunzi wanajua. Kuna siku nilisikia wanamwita mwalimu mmoja kwa jina la kampuni iliyomkopesha. Sitalitaja, lakini lilikuwa linachekesha, na hilo ndo baya lake.

Wazazi sasa. Nawagawa mafungu, na wengi jamani ni watu wema kabisa ambao wanatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Kilombero sokoni kushusha ndizi na wanarudi usiku, hawa siwalaumu, mtoto wanamwona amelala. Ila kuna wanaofikiri wametukabidhi moja kwa moja. Ada ilivyofutwa mpaka kidato cha nne, kuanzia 2016, mimi nilifurahi na bado nafurahi, nina mabinti darasani ambao bila hiyo wangekuwa wanaosha vyombo vya watu Njiro, na yeyote anayetaka ada irudi mimi sio mwenzake. Ila neno likageuka mtaani likawa bure, na bure likawa mimi sihusiki. Waraka wenyewe ulisema wazi sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa ni juu ya mzazi, hicho kipande hakuna aliyekisoma. Ilipofika Januari 2018 rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, kwa nia nzuri kwasababu watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani, lakini pale kwetu na uji ukafa. Umerudi baadae kwa wazazi kukubaliana kwenye kikao, wanaochangia hawafiki nusu. Sasa chukua mtoto aliyekunywa chai kavu saa kumi na mbili, kuna baridi la Julai, katembea kutoka huko Muriet, mkalishe mpaka kipindi cha nane saa saba na nusu bila kitu tumboni. Ukiniambia huyo ana utovu wa nidhamu mimi nakuambia ana njaa. Vipindi vya asubuhi hata wale wabaya wangu wanakuwa watu.

Najua mnasubiri fimbo. Hamna mjadala wa nidhamu Tanzania unaokwenda dakika kumi bila mtu kusema sisi tulichapwa na tukanyooka. Haya. Na mimi nimechapwa, kule Moshi tulikuwa na mwalimu tunamfahamu kwa mlio wa viatu. Ila nawaambia kitu kimoja, ukiangalia grupu letu la tuliosoma pamoja, wanaosema fimbo ilitunyoosha ni wale waliomaliza. Wale walioacha shule darasa la sita kwasababu ya fimbo hawapo kwenye grupu, nani angewaunganisha? Kuna mmoja nakutana nae stendi ya Moshi anauza soksi, nikimuuliza habari za shule anabadilisha mada.

Na sheria yenyewe watu hawaijui, hata walimu wengine hawaijui. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa na mkuu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike labda kama hayupo, na kila kilichochapwa kiandikwe kwenye kitabu. Linganisha na hali halisi, mwalimu anatembea na fimbo kama anachunga mbuzi, anachapa mstari mzima kwasababu mmoja kapiga kelele. Agosti 2018, Bukoba hiyohiyo, mtoto wa darasa la tano alipigwa na mwalimu akafariki, na 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu kunyongwa. Tangu hapo wenzangu wengi wameenda upande wa pili kabisa, hagusi, hasemi, haulizi, anaingia anaandika notisi ubaoni anatoka, mtoto wa mtu asije akaniponza. Watoto wanalijua hilo, wananusa, na wapo wanaokuambia kwa mdomo "madam niguse uone." Mimi fimbo situmii, mkono wangu hauna nguvu na isitoshe sijawahi kuona aliyeelewa mvua za konveksho kwa kupigwa. Ila pia sikubali kwamba ukiondoa fimbo basi umemaliza kazi. Wametuambia tutumie unasihi, yaani kumkalisha mtoto na kumshauri. Mwalimu wa malezi na unasihi wa shule yetu ana vipindi 28 kwa wiki na ofisi yake ni stoo ya vifagio, anasikiliza shida za watoto wamekaa kwenye ndoo.

Kitu ambacho sijawahi kukisikia kwenye kikao chochote cha nidhamu ni kingereza, na mimi naona ndo nusu ya tatizo darasani. Mtoto kasoma Kiswahili miaka saba. Januari anaingia kidato cha kwanza, wiki chache za kumzoesha lugha, alafu karibu kila kitu kingereza, biolojia, historia, hesabu, na ukutani kuna bango kwamba kuongea Kiswahili ni kosa. Wewe jaribu kukaa dakika themanini unasikiliza redio ya Kichina alafu nikuambie tulia. Ukiwa na miaka kumi na tano utafanya nini? Utalia kama paka.

Na paka wangu nilimjua. Anakaa dawati la nyuma dirishani, mtoto wa ukoo wa kule Engaresero, kwenye mitihani huwa ananakili swali kama lilivyo analiweka kama jibu, mwandiko mzuri. Tukawa tumefika volkano. Nimeandika maneno yangu ya kingereza pale, yaani hata mimi nikiyasoma nasinzia, nikaona darasa limekufa, nikafunga mlango nikasema haya, nani kwao ni karibu na mlima Lengai. Mkono wa paka ukapanda. Akaeleza. Yeye hata hakuwa amezaliwa 2007 mlima ulipolipuka ila kahadithiwa, kwamba ardhi ilianza kutikisika Julai, hiyo mitetemeko hata Nairobi waliisikia, baadae mlima ukatema majivu, watu wakahamisha ng'ombe, majani yakawa meupe, ndama wakawa wanakohoa, bibi yake akakataa kuhama akisema ule ni mlima wa Mungu haumfukuzi mtu wake. Akachora ubaoni mlima una ncha mbili, akaonyesha wapi panatoka. Kaongea robo saa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyelala, kuna binti kauliza kwanini Meru yetu hii haitapiki, nikawaambia imewahi, mara ya mwisho ni 1910, wakakimbilia dirishani kuiangalia kama inaanza leo.

Hicho kipindi mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, angeingia ningeandikiwa barua, kwasababu hakukuwa na sentensi ya kingereza. Na kwenye mtihani wa mwisho wa mwezi yule kijana kanakili swali kama kawaida yake, anajua kila kitu kuhusu volkano kasoro lugha ya kuandikia. Kwangu paka ameacha. Kwa mwalimu wa kemia nasikia bado yupo.

Kwahiyo nikiambiwa walimu rudisheni heshima, nauliza tuirudishe na nini. Nachoomba ni vitu vidogo, mzazi ukiletewa video ya mwalimu usiisambaze, ipeleke shuleni. Ukiitwa njoo, na ukija muulize mtoto kwanza kabla ya simu. Ukiwa na neno na mwalimu mvute pembeni umwambie hata kwa ukali, sisi sio malaika, tuna wenzetu wanakuja wamelewa na wapo wanaowasumbua mabinti, hao hata mimi nataka waondoke, lakini usimfokee mbele ya mwanao. Kiongozi vilevile, ofisi ipo, ina mlango.

Kikao cha wazazi ni Ijumaa hii saa nne. Nimeona ratiba imebandikwa ofisini, taarifa ya matokeo, mchango wa uji, madirisha ya maabara, ulinzi. Nidhamu nimeitafuta mwanzo mpaka mwisho sikuiona, nikamuuliza makamu, akaniambia ipo madam, tumeiweka kwenye mengineyo.